Barua yako ingekupa kazi, CV yako ndiyo inakuangusha

SWALI (barua imefupishwa): Habari za kazi, mhandisi. Mimi ni fundi umeme, nipo Singida, umri miaka 41. Nipo kwenye kazi hii mwaka wa 17 sasa: nilianza chini ya mkandarasi wa majumbani, nikaingia kiwanda cha kukamua mafuta ya alizeti nikakaa miaka sita, na tangu walipopunguza watu mwaka juzi nahangaika na kazi za mtaani. Tredi testi yangu (mtihani wa ufundi) ni Gredi I. Nimeomba kazi sehemu tisa, viwandani na migodini, sijaitwa hata kwenye usaili, ilhali vijana niliowafundisha mimi kushika testa wameitwa. CV alinitengenezea kijana wa duka la kopi, ina kurasa nne, nimeiambatanisha. Kosa liko wapi? Kazi za mtaani niziandike au ninyamaze? Na meneja wangu wa kiwandani tuliachana vibaya. Nimweke kuwa mdhamini?

JIBU: Fundi, salama. Nimeisoma CV yako mara mbili na barua yako mara moja. Kwa ile barua ningekuita kesho asubuhi. Kwa ile CV ningekuweka kwenye rundo la "tutaona", na unajua rundo hilo huwa haliangaliwi tena.

Katikati ya malalamiko yako umechomekea habari moja kana kwamba si kitu. Bili ya umeme ya kiwanda ilikuwa kubwa hata miezi ambayo nusu ya mashine zimelala. Ukafungua kabati la kapasita, ukakuta kontakta tatu zimeungua midomo na kapasita mbili zimevimba. Ukabadilisha, pawa fakta (sehemu ya umeme unaovutwa inayofanya kazi kweli) ikapanda kutoka 0.72 hadi 0.95, na bosi akakupa jogoo. Nikaenda kwenye CV kuitafuta habari hiyo. Haipo. Miaka yote sita ya kiwandani umeipa sentensi moja: "Kufanya kazi zote za umeme na majukumu mengine kadiri nitakavyopangiwa na mkuu wangu wa kazi."

Hiyo sentensi si yako. Ni ya mkataba. Kijana wa duka la kopi ameinakili kutoka kwenye barua yako ya ajira, au kutoka kwenye CV ya mteja wake wa jana. Inaeleza ulichotakiwa kufanya, na mimi ninayetafuta fundi nataka kujua ulichofanya. Hapo ndipo kosa lilipo, na mengine nitakayosema yanatokana na hilo.

Nikueleze kwanza CV yako inapita mikono ya nani. Wa kwanza ni afisa utumishi, ambaye mara nyingi si mtu wa umeme. Yeye ana tangazo mkononi na anatafuta maneno yaliyomo humo: cheti gani, leseni ya daraja gani, miaka mingapi, amewahi kufanya kiwandani au hapana. Asipoyaona kwenye nusu ya juu ya ukurasa wa kwanza, hageuzi karatasi. Wewe nusu hiyo umeijaza jina la kijiji ulichozaliwa, dini, hali ya ndoa, idadi ya watoto na shule ya msingi. Wa pili ni mhandisi wa matengenezo au fundi mkuu, mtu kama mimi. Huyu anasoma akiwa na hofu moja: nikimwachia huyu bwana zamu ya usiku peke yake na mashine ikasimama saa nane, ataiamsha au atanipigia simu? Anatafuta vifaa alivyonavyo yeye kiwandani kwake aone kama umevigusa. Akiona "kazi zote za umeme" haoni kitu, maana hata anayefunga taa za harusi anafanya kazi za umeme.

Mtu wa tatu ni wewe mwenyewe siku ya usaili, kwa sababu kila neno uliloandika linageuka swali. Niliwahi kumsaili kijana aliyeandika kwamba ana uzoefu wa PLC, ile kompyuta ndogo inayoongoza mashine. Nikamuuliza mashine ikisimama anaanzia wapi. Akatafuna maneno mpaka nikamhurumia. Mwishowe akakiri kwamba alichowahi kufanya ni kubadilisha pawa saplai yake, kisha kuangalia taa ndogo za pembeni zinazoonyesha sensa ipi imefika na ipi haijafika. Jamani, hiyo nayo ni kazi! Kiwandani hitilafu nyingi za aina hiyo mzizi wake ni sensa iliyojaa vumbi au waya uliolegea, wala si programu. Angeandika hivyo hivyo alivyosema mwishoni, ningemchukua. Aliandika kikubwa, akaanguka kwa kikubwa hicho.

Haya, tuichukue ile sentensi yako tuifumue. Kaa na daftari, ujijibu kama unavyomjibu fundi mwenzako anayepokea zamu. Mota zilikuwa ngapi, na ndogo kabisa ni ya kilowati ngapi, kubwa kabisa ngapi? Zinaanzishwa vipi: moja kwa moja, kwa sta-delta (mota inaanza na volti pungufu, kisha inapewa zote), au kwa draivu ya kubadilisha kasi? Umeme unaingia kiwandani kwa transfoma yenu wenyewe au ya mtaani, na ina ukubwa wa kVA ngapi? Jenereta ipo? Swichi ya kubadilisha ni ya mkono au inajibadilisha yenyewe? Nani alikuwa anapiga mega mota (kupima kama insulesheni ya waya zake ni nzima) kabla msimu wa alizeti haujaanza? Mota ikiungua mlikuwa mnaipeleka mjini au uliisuka mwenyewe, yaani kuizungushia waya upya?

Kwa uliyonigusia kwenye barua, pamoja na yale ninayoyakisia kwa kujua viwanda vya mafuta vilivyo, kipande cha kiwandani kingesomeka hivi, nawe utaweka namba zako za kweli:

"Fundi umeme wa matengenezo, kiwanda cha mafuta ya alizeti, Singida, miaka 6. Nilihudumia mota 24 za fezi tatu, kuanzia kW 1.5 hadi kW 55, zinazoanzishwa moja kwa moja na kwa sta-delta. Nilipima insulesheni ya mota zote kwa mega kabla ya kila msimu na kutunza daftari la vipimo. Nilitafuta na kurekebisha hitilafu za saketi za kontrol: kontakta, ovalodi, taima na swichi za usalama. Nilisimamia jenereta ya kVA 200 na swichi yake ya kubadilisha umeme. Niligundua na kurekebisha hitilafu ya benki ya kapasita. Pawa fakta ikapanda kutoka 0.72 hadi 0.95. Nilisimamia wasaidizi wawili wa zamu."

Umeona? Hakuna sifa hata moja hapo. Hakuna "mchapakazi", "mwaminifu", "anayeweza kufanya kazi chini ya shinikizo". Lakini mtu wa umeme akisoma "kW 55" anajua hapo zinapita karibu ampea 100, na kwamba kontakta za ukubwa huo hazibadilishwi kwa kubahatisha. Akisoma "daftari la vipimo" anajua huyu si fundi wa kusubiri moshi. Namba ndizo zinazokusifia bila wewe kujisifu. Kama huzikumbuki, mpigie mwenzako aliyebaki kiwandani akusomee vibao vya mota. Usizitunge. Mimi hapo juu nimeziweka kwa mfano tu.

Kwenye kapasita nitakaa kidogo, maana naona hujui thamani ya ulichokifanya. Wateja wakubwa wa TANESCO hawalipii uniti peke yake, wanalipia pia kilele cha kVA walichofikisha, yaani umeme mwingi kabisa waliovuta kwa wakati mmoja. Mzigo wa kW 150 kwa pawa fakta ya 0.72 unabeba karibu kVA 208. Mzigo ule ule kwa 0.95 unashuka hadi karibu 158. Hizo kVA 50 ni pesa iliyokuwa inatoka kila mwezi bila kukamua hata tone la mafuta. Mhandisi akiiona habari hiyo kwenye CV anafikiria kiwanda chake papo hapo. Kama una kumbukumbu ya bili ya kabla na ya baada, andika tofauti kwa asilimia. Kiasi cha shilingi acha, hiyo ni siri ya mwajiri wako wa zamani, na mwajiri mpya ataona unavyotunza siri. Jogoo tumwache nje.

Sasa kuna mtego ambao naamini umekuumiza, na si kosa lako. Umeandika "Trade Test Grade I" bila neno zaidi. Kwa sisi wa zamani hiyo ni heshima, kwa sababu mtu alianzia Gredi III, akapanda II, akamalizia I. Mfumo wa sasa wa NVA, yaani tuzo za taifa za ufundi stadi, unahesabu kinyume: ngazi ya I ndiyo ya chini na ya III ndiyo ya juu. Afisa utumishi wa miaka 26 akiona hiyo "I" yako anaweza kabisa kudhani ndiyo kwanza umeanza, huku kijana uliyemfundisha testa anaonekana na "III" yake iliyonona. Andika hivi: "Majaribio ya ufundi VETA, umeme wa majumbani na viwandani, Gredi I (daraja la juu kabisa katika mfumo huo)", na mwaka. Maneno hayo machache ya ziada yatakusaidia kuliko kozi mpya. Kisha futa shule ya msingi. Sekondari mstari mmoja unatosha.

La leseni limenikasirisha. Ukurasa wa tatu, chini kabisa, kati ya "kusoma magazeti" na "kuangalia mpira", umeandika "Leseni ya EWURA", mamlaka inayodhibiti huduma za nishati na maji. Daraja halipo, tarehe haipo. Leseni ndiyo inayokuruhusu kisheria kufanya kazi, na madaraja yake, yakiwemo A, B, C na D, kila moja lina mipaka yake ya kazi. Tangazo likitaka daraja C, mtu anatafuta herufi hiyo moja tu. Ipandishe juu, chini ya jina lako na simu: daraja, na tarehe ya mwisho. Na kama imeisha muda, kama ninavyohisi kwa ukimya wako, anza na kuihuisha kabla hujatuma ombi la kumi. Leseni iliyokufa ukiiandika kama iliyo hai, itajulikana siku wanapohakiki vyeti, na hapo hakuna atakayekusikiliza habari za kapasita.

Kwa migodini ongeza usalama, lakini usiandike "nazingatia usalama", kila mtu anaandika. Andika unachofanya kabla ya kuingiza mkono kwenye paneli: unazima, unafunga kwa kufuli lako, unatundika kibao chenye jina lako, unapima kuhakikisha umeme haupo, ndipo unagusa. Kama umehudhuria mafunzo yoyote ya OSHA (wakala wa usalama mahali pa kazi), ya kazi za juu au huduma ya kwanza, taja na mwaka. Kama kiwandani kwenu hapakuwa na utaratibu wa kufuli, usiuzue.

Umeniuliza kazi za mtaani. Ziandike, tena kwa kichwa chake: "Fundi umeme wa kujitegemea, Singida", na mwaka ulioanza. CV yako sasa inaishia siku mliyopunguzwa, na baada ya hapo kuna kimya cha karibu miaka miwili. Msomaji anakijaza mwenyewe: alikuwa mgonjwa, alikuwa jela, alikuwa kijiweni. Kumbe ulikuwa juu ya dari za watu. Usiorodheshe nyumba moja moja, zikusanye kwa aina: nyumba ngapi za kuishi ulizofanyia wayaringi mpya, fremu ngapi za biashara, pampu za visima, mashine za kusaga za fezi tatu, sola kama umefunga. Sema unachopima kabla ya kukabidhi: ethi, insulesheni, na kama swichi ya kukata umeme unaovuja ya miliampea 30 inakata kweli. Majina ya wateja usiyaweke. Kuna mafundi wanaona haya kuandika kazi ya mtaani, wanadhani inawashusha. Mimi nikiona mtu ameingiza laini upya kwenye nyumba ya vyumba saba ambayo fundi wa kwanza aliunganisha soketi na taa kwenye waya wa milimita moja na nusu, najua huyu amekutana na vioja ambavyo hakuna darasa linavyofundisha.

Na picha. Hapa nitatofautiana na wanaokwambia CV ya fundi haihitaji picha. Picha ya uso wako haihitajiki kama hawajaiomba, hasa ile uliyopiga na tai ya kuazima. Lakini andaa ukurasa mmoja wa kiambatisho wenye picha nne za kazi yako: DB (boksi la breka) ikiwa imefunguliwa kifuniko na kila breka ina jina lake, paneli ya sta-delta uliyoifunga mwenyewe, kazi moja kabla na baada. Mtu wa umeme akiona waya zimepinda pamoja, nyutro zimekaa kwenye baa yake na hakuna shaba iliyochungulia nje ya skrubu, amekusaili tayari. Hakikisha picha haionyeshi sura ya mtu, kibao cha nyumba wala namba ya mita ya mteja. Na isiwe picha ya mkono wako ndani ya paneli yenye umeme. Nimeshawahi kuletewa hiyo, na mwenyewe alidhani anaonyesha ujasiri.

Meneja mliyeachana naye vibaya hulazimiki kumweka. Mdhamini ni mtu aliyeiona kazi yako na akipigiwa simu atapokea. Msimamizi wa zamu anafaa, hata yule mkandarasi wako wa mwanzo kama bado mnasalimiana. Waombe kwanza, waambie unaomba kazi gani, na wakumbushe ulichokifanya, kwa sababu mtu akishtukizwa anasema "ndiyo namfahamu, ni kijana mzuri" na simu inaishia hapo. Ila kitu kimoja kidai hata kama mligombana: cheti cha utumishi. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inamtaka mwajiri akupe cheti hicho ajira inapokoma. Hakihitaji akupende, kinahitaji aandike ulifanya kazi pale. Andika barua fupi ya adabu, peleka, baki na nakala iliyogongwa muhuri wa kupokelewa. Kwenye usaili ukiulizwa kwa nini uliondoka, jibu ni "walipunguza watu", nukta. Ugomvi usiingie chumbani.

Haya mengine nayapitia haraka. Kurasa mbili zinatosha, kisha uongeze ule wa picha. Kazi ya karibuni ianze juu, ya zamani ifuate. Miaka ya mkandarasi wa majumbani ipewe mistari mitatu. Namba ya NIDA usiiweke kwenye karatasi inayozunguka kila ofisi, wakikuajiri watakuomba. Dini na idadi ya watoto ondoa. Tarehe ya kuzaliwa iweke kama tangazo limeitaka. Simu iwe ile inayopatikana, maana uliyoandika niliipiga jana, "haipatikani kwa sasa". Barua pepe fungua nyingine yenye jina lako. Ile ya mwanao yenye jina la mchezaji wa mpira mwachie mwanao. Faili litume kama PDF, lipewe jina lako na neno fundi umeme. Lako linaitwa "CV mpya mwisho kabisa 3".

Lugha ifuate tangazo. Viwanda vingi na migodi hutangaza kwa Kiingereza, basi jibu kwa Kiingereza, lakini iandike kwanza kwa Kiswahili kama nilivyokuonyesha, ndipo umtafute mtu wa fani akugeuzie. Asiye wa fani atakuaibisha. Niliwahi kupokea CV ambayo "kusuka mota" imegeuzwa kwa neno la kusuka nywele, na nikabaki nawaza mota yenye rasta. Ukiomba serikalini kupitia Ajira Portal, pale unajaza mfumo, lakini sentensi ni zile zile.

Halafu wale vijana wako wawili uliosema hawana cheti chochote, waambie waulize ofisi ya VETA iliyo karibu kuhusu kurasimisha ujuzi. Wanapimwa wanachokijua, wanaelekezwa palipopungua, wanapewa cheti bila kuanza darasani upya. Wakingoja kufika umri wako watakuja kuniandikia barua kama hii.

Anza na leseni wiki hii, kisha andika upya kile kipande cha kiwandani peke yake, unitumie kabla hujagusa vingine. Na nijibu swali moja ambalo barua yako haikusema: zile kontakta mpya za kapasita, saizi yake ulipewa na mtu au uliikokotoa mwenyewe? Kama ni wewe, kuna mstari mwingine wa kuongeza hapo.